Kitenzi "get": mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisahihisha Kiingereza cha watu wazima: wauguzi, madereva wa watalii, wahasibu, vijana wa chuo wanaojiandaa kwa usaili. Makosa ya tahajia huisha mapema. Ya nyakati huchukua miezi, lakini nayo huisha. Ya "get" hayaishi. Mtu anaandika ripoti ya kurasa 20 bila doa, halafu jioni ananitumia ujumbe: "Teacher sorry, I got an accident and I was stolen my phone."

Kitenzi hiki nimekieleza vipande vipande mara nyingi, na maswali yanarudi yale yale. Basi huu hapa mzima, hatua kwa hatua. Ukiruka hatua ya 1 zilizobaki hazitakusaidia, kwa hiyo usiruke.

## Vitu vya kuandaa

Daftari na kalamu za rangi mbili.

Sentensi 20 za Kiswahili ulizozisema wewe mwenyewe leo au jana. Usizitoe kitabuni. Ziandike kama zilivyotoka mdomoni: "nimechoka," "nimenyoa," "nilimkuta kashatoka," "Luku imeisha." Hizi ndizo utakazozihitaji kesho ukiwa kazini, si zile za paka kukaa juu ya mkeka.

Simu ya kujirekodi.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanafunzi. Ile ya Kiingereza na Kiswahili iweke pembeni mpaka umalize hatua zote. Si mbaya, ila ukifungua "get" itakuandikia "pata", na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Muda: dakika 20 kwa siku zinatosha. Hatua ya 3 na ya 6 zipe siku mbili mbili.

## Hatua ya 1: Tazama jirani wa kulia

Usiulize "get" maana yake nini. Ni sawa na mgeni akuulize "piga" maana yake nini. Utamjibu nini? Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, magoti, kura, chafya na soga. Anayepiga mswaki hajaupiga mtu kofi. "Piga" imebaki ganda, na maana imebebwa na neno linalofuata.

"Get" ni "piga" ya Waingereza. Neno lililo upande wake wa kulia ndilo linalokwambia inafanya kazi gani, na majirani wakuu ni wa aina tano:

- Kitu: "get a job", "get a letter". Hapa ni kupata, kupokea, kununua au kuleta.
- Neno la sifa: "get tired", "get wet". Hapa ni kuingia katika hali fulani.
- Kitenzi cha umbo la tatu: "get paid", "get arrested". Hapa ni kutendwa.
- Mahali au mwelekeo: "get home", "get off". Hapa ni kufika, kupanda, kushuka.
- Mtu au kitu, kisha kitenzi: "get him to come", "get it repaired". Hapa ni kumfanya mtu atende, au kufanyiwa kazi.

Zoezi la siku ya kwanza: chukua ukurasa mmoja wa habari za Kiingereza, tafuta kila "get", "gets", "got" na "getting", na kwa kalamu ya pili pigia mstari neno la kulia. Usitafsiri. Andika tu pembeni ni jirani wa aina gani. Ukiweza kutaja aina ya jirani kabla kichwa hakijaleta neno "kupata", hatua hii umeimaliza.

## Hatua ya 2: "Get" na kitu, pale panapofanana na kupata na pale panapokutega

Hapa mambo huwa rahisi, na urahisi huo ndio mtego. "Kupata kazi" ni "get a job". "Kupata ujumbe" ni "get a message". "Kupata nafasi" ni "get a chance", na "kupata malaria" ni "get malaria". Baada ya mifano minne inayokubali, mtu anaamini kila "kupata" ni "get". Hapana. Nakili hizi kwenye daftari:

- Kupata ajali: "have an accident".
- Kupata mtoto: "have a baby".
- Kupata chakula cha mchana: "have lunch".
- Kupata shida: "have trouble", au "have problems".
- Kupata faida na kupata hasara: "make a profit", "make a loss".
- Kupata uhuru: kwenye maandishi ni "gain independence". Tanganyika 1961, Kenya 1963, vitabu vya historia vinaandika hivyo.

Kwa nini? Kwa sababu Waingereza nao wana "piga" zaidi ya moja. "Have", "make" na "take" ni maganda vilevile, na kila moja limeshazoea majirani wake. Hakuna kanuni ya kukuokoa hapa. Yanakaririwa kwa jozi, kama mgeni anavyokariri kwamba pasi inapigwa.

Sasa kuna kosa ambalo nadhani tunalo sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengine: kuchanganya kupata na kukuta. "Nilimkuta amelala" watu wanaandika "I got him sleeping." Msikilizaji wa Uingereza ataelewa kwamba ulimbembeleza mpaka usingizi ukamchukua, kama mtoto mchanga. Kukuta ni "find": "I found him asleep." Andika kwa herufi kubwa, kisha zungushia duara.

Na simu je? "Nilimpigia sikumpata" ni "I called but I couldn't get through to him." Yule dada wa mtandao anayesema mteja hapatikani, kwa Kiingereza husema "not reachable" au "unavailable". Kwa bidhaa dukani, "inapatikana" ni "available". Usiunde neno jipya kutoka kwa "get".

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni zuri, tulifurahie. Kiswahili kina "nipatie", "niletee", "ninunulie", vitenzi vyenye mtu ndani yake. "Get" inafanya hivyo kwa kuweka mtu kwanza, kitu baadaye: "Get me a pen" ni niletee kalamu. "She got me a shirt" ni aliniletea au alininunulia shati. Hakuna haja ya "for" katikati. "She got for me a shirt" inasikika kama mtu anayetembea na kiatu kimoja.

## Hatua ya 3: "Get" na sifa, ambapo Kiswahili chako ni msaada mkubwa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu jibu tayari unalo mdomoni.

Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoonyesha mtu kuingia katika hali: kuchoka, kulewa, kulowa, kukasirika, kupotea, kuzeeka, kuzoea. Kiingereza mara nyingi hakina kitenzi kimoja kwa mambo hayo. Kina neno la sifa, kisha kinachagua kati ya "be" na "get". Wanafunzi huchagua kwa kubahatisha. Huna haja ya kubahatisha, kwa sababu kiambishi cha wakati kinakwambia:

-me- ni hali iliyokwisha kuingia, tumia "be". "Nimechoka" ni "I am tired." "Amelewa" ni "He is drunk." "Ameoa" ni "He is married."

-na- ni hali inayoingia, tumia "be getting". "Ninachoka" ni "I am getting tired." "Analewa" ni "He is getting drunk." "Anaoa Jumamosi" ni "He is getting married on Saturday."

-li- ni tukio la kuingia katika hali, tumia "got". "Alikasirika" ni "He got angry." "Tulilowa" ni "We got wet." "Alioa mwaka 2015" ni "He got married in 2015."

Soma tena mistari hiyo mitatu kwa sauti. Makosa mengi yanatokana na kuiona -me- na kukimbilia "have": "I have got tired." Mwingereza anaweza kuisema, lakini akiwa na maana ya mabadiliko, kwamba zamani hakuwa hivyo. Ukitaka tu kumwambia mwenzako umechoka na unaenda kulala, ni "I'm tired."

Palepale kwenye ndoa kuna kosa jingine. Kiswahili kinatenganisha kuoa na kuolewa, na mtu anayahamisha yote mawili: "She was married by Juma." Kwa Kiingereza "married by" huwa ni sheikh, padri au msajili, yule aliyefungisha. Wote wawili, bibi na bwana, "got married", na ukitaka kumtaja mwenzake ni "to": "She got married to Juma."

Kwa "kuzidi" kuna njia ya mkato. "Inazidi kuwa ngumu" ni "It is getting harder." "Mafuta yanazidi kupanda bei" ni "Fuel is getting more expensive." "Anaendelea vizuri" kwa mgonjwa ni "She is getting better." "Getting" pamoja na neno la kulinganisha, basi. Usiandike "getting more better", maana kiongezi kimoja kinatosha.

Maonyo matatu kabla hujafunga daftari.

Moja: "nimechelewa" ni "I am late", lakini "ninachelewa" si "I am getting late." Kanuni inavunjika hapa, na inavunjikia kwenye neno tunalolitumia kila asubuhi. Sema "I'm going to be late" au "I'm running late." Kinachokuwa "getting late" ni muda wenyewe: "It's getting late", yaani usiku unaingia, tuondoke.

Mbili: sifa, si cheo. "He got a doctor" haimaanishi amekuwa daktari. Inamaanisha alikwenda kumleta daktari. Cheo, kazi na jina huchukua "become": "He became a doctor."

Tatu: ikiwa baada ya kitenzi cha Kiswahili kuna kiungo cha mwili, kanuni haifanyi kazi. "Amevunjika mguu" ni "He has broken his leg", japo hakuuvunja kwa makusudi. Wenyewe husema hivyo na hakuna anayewashangaa.

Jipime hivi: chukua vitenzi sita kati ya vile vya juu, vitamke kwa -me-, -na- na -li-, na ujibu kwa Kiingereza bila kusimama. Jirekodi. Ukisikia kigugumizi kwenye -me-, rudia kesho.

## Hatua ya 4: Kuibiwa, kulipwa, kunyeshewa

Jirani wa tatu ni kitenzi cha umbo la tatu, lile la mwisho katika "pay, paid, paid". Kwa Kiswahili ni ile -wa ya kutendwa. "Tumelipwa" ni "We got paid." "Alikamatwa" ni "He got arrested." "Atafukuzwa" ni "He will get fired." Unaweza kuweka "be" mahali pa "get" na sentensi ikabaki salama, ila "get" ni ya mazungumzo, na hubeba harufu ya kwamba jambo lilimkumba mtu.

Sasa tuje kwa ile simu. Kiswahili kina tofauti ambayo Kiingereza hakina: kuibwa na kuibiwa. Kitu huibwa, mtu huibiwa. Kile kiambishi kidogo cha -i- katikati ndicho kinachomfanya mtu awe mwenye hasara badala ya kuwa mzigo uliobebwa. Kiingereza kina "stolen" moja tu, nayo ni ya kuibwa. Kwa hiyo "I was stolen" inasema nimeibwa, yaani kuna mtu alinitia kwenye gunia akaondoka nami. Ukiongeza "my phone" mwishoni unamchanganya msikilizaji zaidi.

Rekebisha kwa kuanzia kwenye kitu: "My phone got stolen." Ukitaka kuanza na mtu, badilisha kitenzi: "I got robbed."

Ukishaielewa hiyo, zipitie zile nyingine zenye mwenye hasara. "Nimenyeshewa" ni "I got rained on", na hapa Kiingereza kimejitahidi. "Nimeharibikiwa gari" ni "My car broke down", anza na gari. "Nimefiwa na baba" usijaribu hata kidogo kuipitisha kwenye "get". Ni "I lost my father" au "My father passed away." Nimewahi kupokea barua ya kuomba ruhusa ya msiba iliyoandikwa kwa "got". Ofisi ilitoa ruhusa, lakini ilichukua simu mbili kuelewa nani amefariki.

## Hatua ya 5: Kufika, kupanda, kushuka

Mahali huja na "to": "get to Mombasa", "get to town", "get to work". Isipokuwa maneno kama "home", "here" na "there". "I got to home" ni kosa, "I got home at eight" ni sahihi. Na ile "I have reached" tunayotumiana kwenye simu tukishafika, inaeleweka Dar na Nairobi, lakini mgeni atasubiri uendelee. Umefika wapi? Mwambie "I'm here" au "I've just got here."

Kupanda na kushuka kuna kanuni nzuri, inayoshika karibu kila chombo. Jiulize: ninaweza kusimama na kutembea humo ndani?

Ikiwa ndiyo, ni "get on" na "get off": basi, treni, ndege, meli ya Zanzibar. Daladala na matatu zimo humu, hata siku ambayo imejaa na huna pa kutembea.

Ikiwa ni cha kukaa tu, ni "get in" na "get out of": gari dogo, teksi, bajaji, mtumbwi.

Ikiwa unakikalia kwa kupanua miguu, ni "get on" na "get off" tena: bodaboda, baiskeli, punda.

"Get down from the bus" ni Kiswahili kilichovaa suti. "Get down" ni kuinama au kuteremka kutoka juu ya kitu kama mti au ukuta. Dereva wa basi wa London akisikia hivyo atadhani umepanda juu ya paa.

## Hatua ya 6: "Nimeshona gauni," kumbe umeshonewa

Mwanafunzi wangu mmoja, mhasibu, alikwenda kwenye mkutano amevaa gauni la kitenge lililomkaa vizuri. Wageni wakamsifia. Akajibu: "Thank you, I sewed it last week." Wakafurahi sana, na mmoja akamuuliza kama anaweza kumshonea na yeye, akaanza kutaja vipimo. Dada wa watu hajawahi kutia uzi kwenye sindano. Alitaka kusema amelishonesha kwa fundi.

Kosa si lake peke yake, Kiswahili cha kila siku ndicho kinachofanya hivyo. Tunasema "nimenyoa" na aliyeshika mashine ni kinyozi. "Nimejenga" na aliyebeba tofali ni fundi. "Nimeng'oa jino", "nimepima damu", "nimetengeneza gari". Tunayo "kushonesha", tunayo "kujengesha", lakini mdomoni tunaziacha, kwa sababu kila Mswahili anajua kuna fundi nyuma ya sentensi. Kiingereza hakimjui fundi wako. Ukisema "I pulled out my tooth", mtu anaona picha ya koleo mkononi mwako.

Umbo la kutumia: "get", kisha kitu, kisha kitenzi cha umbo la tatu.

"I got my hair cut." Nimenyoa, nimekatwa nywele.
"I got the car repaired." Nimetengeneza gari, kwa fundi.
"I need to get my eyes tested." Nahitaji kupima macho.
"We're getting the roof fixed." Tunatengeneza paa, mafundi wako juu.

Mpangilio ni wa lazima. Kitu kikae katikati. "I got cut my hair" haisomeki, na "I got cut" peke yake inamaanisha umejikata au umekatwa, tafuta bendeji. Badala ya "get" unaweza kuweka "have": "I had my hair cut." Maana ni ile ile, na "have" ni rasmi kidogo.

Ukitaka kumtaja aliyefanya, umbo linabadilika: "get", mtu, "to", kitenzi. "I got the plumber to come on Sunday." Hapa kuna ladha ya kushawishi. Fundi bomba hakutaka kuja Jumapili, ukambembeleza, ukamwongezea nauli, akaja. "Make" ni ya kulazimisha, nayo haina "to": "My mother made me apologise", mama alinilazimisha kuomba radhi. "My mother got me to apologise", mama alizungumza nami mpaka nikakubali. Watu hubadilishana hiyo "to", wakaandika "I made him to come" na "I got him come". Mbinu ninayowapa: anayebembelezwa hupewa "to", anayelazimishwa hapewi kitu.

Kazi ya siku mbili hizi: pitia sentensi zako 20 na uulize kila kitenzi, je, mikono ilikuwa yangu? Kama haikuwa yako, iandike upya. Utashangaa ni ngapi. Mimi katika wiki moja ya kujihesabu nilijikuta "nimejenga" uzio, "nimesafisha" viatu na "nimechapisha" kadi, na mikono yangu haikugusa hata kimoja.

## Hatua ya 7: Tatu zinazofanana sura

"I've got to see the doctor." Lazima nimwone daktari. Hii ni ya wajibu, na kwenye mazungumzo ya haraka masikio yako yatasikia "gota".

"I got to see the doctor." Nilipata kumwona, nilibahatika. Ile "'ve" ndogo ndiyo inayotenganisha lazima na bahati, kwa hiyo kwenye maandishi usiile.

"I got used to the doctor." Nilimzoea.

Ile ya pili inafanana mno na Kiswahili "nilipata kumwona", mpaka mtu anaiamini kupita kiasi. "Sijapata kuona jambo kama hili" haiendi kwa "get". Ni "I have never seen anything like this."

Kwenye kuzoea, ile kanuni ya hatua ya 3 inarudi. "Nimezoea" ni "I'm used to it." "Naanza kuzoea" ni "I'm getting used to it." Na baada ya "to" kitenzi huchukua -ing: "I'm used to waking up early." Ukiandika "I used to wake up early" umesema kitu kingine, kwamba zamani ulikuwa unaamka mapema na siku hizi umeacha. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye usaili wa kazi ya zamu ya asubuhi, amejinyima kazi mwenyewe.

## Hatua ya 8: "Got" au "gotten"?

Shule zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza: "get, got, got". Wamarekani wana "gotten", na wengi wanadhani wameibuni. Ni kinyume chake. "Gotten" ni ya zamani, ikapungua Uingereza na kubaki hai Marekani. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo 4:1, Hawa anapomzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD". Hata Waingereza wa leo wamebakiza kipande chake katika "ill-gotten", yaani kilichopatikana kwa dhuluma.

Mmarekani hutumia zote mbili, kwa kazi tofauti. "I've got a car" ni ninalo gari. "I've gotten a car" ni nimepata gari, juzi sikuwa nalo. Mwingereza husema "I've got" kwa yote na kuacha mazungumzo yaamue. Chagua upande mmoja na ubaki huko ndani ya andiko moja. Kwa mtihani wa shule, "got".

Asili yenyewe kwa ufupi, maana inasaidia kumbukumbu: neno lilikuja na watu wa Skandinavia waliovamia kisha wakahamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Wao walisema "geta". Waingereza walikuwa na ndugu wa neno hilo katika lugha yao, ila kwao halikusimama peke yake, liliganda kwenye maneno mengine. Mabaki yake ni "beget", kuzaa, na "forget", kusahau. Kwa hiyo ndani ya "forget" kuna "get" iliyopotea, kitu kilichokuwa mkononi kikaponyoka.

Na ile "I get it" ya kuelewa isikushangaze. Sisi tunauliza "umenipata?" na mwenzetu anajibu "nimekupata". Kwa Kiingereza, uliza "Do you get what I mean?" na ujibu "Got it." Usiseme hivyo kwa bosi siku ya kwanza, ni ya watu waliozoeana.

## Hatua ya 9: Chuja kabla ya kutuma

"Get" si tusi, na walimu wanaoipiga marufuku kabisa wanakosea. Lakini katika barua ya kuomba kazi, ripoti au tasnifu, ikizidi huonekana kama mtu aliyekuja ofisini na kandambili. Ukimaliza kuandika, itafute kwa kompyuta na ubadilishe: "receive" kwa kupokea, "obtain" kwa kupata kwa juhudi, "become" kwa kuwa, "arrive" kwa kufika, "understand" kwa kuelewa. Kwenye ujumbe wa simu fanya kinyume. Anayemwandikia rafiki "I have obtained your message" atachekwa.

## Jaribio

Tafsiri bila kuangalia juu. Majibu yako chini, yafunike kwa kiganja.

1. Nimenyeshewa.
2. Dada yangu anaolewa Desemba.
3. Nimeng'oa jino.
4. Tulimkuta ofisini.
5. Shuka kwenye bajaji kwanza.
6. Bado sijazoea baridi.
7. Niletee maji.
8. Mama alikuja kuwa mwalimu.
9. Nimeibiwa pochi.
10. Kisu hiki hakipati.

Majibu: 1. "I got rained on." 2. "My sister is getting married in December." 3. "I got a tooth pulled out", au "had". 4. "We found him at the office." 5. "Get out of the bajaji first." 6. "I'm not used to the cold yet", na "I haven't got used to the cold yet" nayo ni sawa. 7. "Get me some water." 8. "My mother became a teacher." 9. "My purse got stolen." 10. "This knife is blunt."

Ukikosa la 3 au la 9, rudi hatua ya 6 na ya 4. La 10 nimelitega makusudi. "This knife doesn't get" nimeisoma zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ilikuwa kwenye oda ya vifaa vya jikoni vya hoteli.